Doa la Oili Uani: Tulisome Kabla ya Kulifuta



Wasomaji wetu watukufu, akina mama, akina baba na vijana, juma hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo yamkini litaonekana kuwa la gereji na si la ukurasa wa familia. Lakini gari la nyumbani ndilo linalobeba wazazi wetu kwenda hospitali, watoto kwenda madrasa na skuli, na sisi sote kwenda harusini na mazishini. Chombo kinachobeba roho za watu ni amana. Na katika amana hii, kosa tulilolifanya sisi wenyewe lilianza na doa dogo ardhini.

Tulikuwa na gari kuukuu, tulilolinunua Mombasa kwa mtu tusiyekuwa na haja ya kumtaja. Siku ya kulikagua alifungua boneti, tukaona injini inameta kama sahani iliyotoka kuoshwa. Tukafurahi. Hatukujiuliza ni kwa nini injini ya gari la umri ule iwe safi kuliko viti vyake.

Tulipofika nalo Voi hazikupita wiki tatu. Mwenzetu wa nyumbani alikuwa akifagia ua baada ya swala ya alfajiri, akatuita. “Maalim, njoo utazame. Jana doa hili lilikuwa kama sarafu ya shilingi ishirini, leo limekuwa kama kifuniko cha sufuria.” Tukamjibu kwa kiburi cha mtu aliyeshika ufunguo: “Magari ya zamani yote ndivyo yalivyo. Mwaga mchanga juu yake.” Akamwaga mchanga. Kesho yake akamwaga tena. Mwezi mzima mchanga ulimwagwa, na boneti haikufunguliwa hata mara moja.

Ikatokea safari ya Wundanyi, kwenye hitima ya jamaa yetu. Ndani ya gari tulikuwa na mama yetu mzazi, mwenzetu na watoto wawili. Mji wa Voi uko takribani mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300. Ukishapita mashamba ya mkonge na kuuacha mji wa Mwatate, barabara huanza kupanda mlima kwa kona baada ya kona. Katika kona ya kwanza kali, taa nyekundu yenye alama ya birika la oili iliwaka, kisha ikazimika njia iliponyooka. Kona ya pili ikawaka tena. Tukasema moyoni, “Hizo ni nyaya tu.” Mwenzetu aliiona taa ile, akatutazama, akanyamaza. Kabla ya kona ya tano injini ikatoa sauti kama ya mawe ndani ya kopo, na gari likasimama.

Fundi wa karibu alipofika alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kilikuwa kikavu. Akatuuliza kwa upole, “Shehe, hili gari linavuja tangu lini?” Hatukuwa na jibu la kumpa mbele ya aliyekuwa akimwaga mchanga. Mama yetu alikaa juu ya jiwe kando ya njia, amejifunika leso mbili kwa baridi ya mlimani, hadi matatu moja ikatuhurumia. Hitima tuliikuta imekwisha. Injini ilibidi ifunguliwe yote, na fedha zilizokuwa za karo ya muhula zikaingia humo. Na kilichoanzisha yote hayo ni kipande cha raba ambacho bei yake haifiki robo ya bei ya mbuzi.

Tumeyasimulia haya si kwa kujifakharisha wala kutafuta huruma, bali ili nyumba nyingine isipite njia tuliyoipita.

Kazi ya oili na sababu ya kuvuja

Ndani ya injini vyuma husuguana maelfu ya mara kwa dakika. Oili hutanda baina yao utando mwembamba, ikazuia chuma kula chuma, ikapunguza joto na kubeba uchafu hadi kwenye filta. Chini ya injini kuna bakuli ambalo mafundi huliita sampu. Humo oili hukusanyika, na pampu huivuta kuirudisha juu. Oili ikipungua, gari linapopanda mlima au kukata kona, kilichobaki hukimbilia upande mmoja wa bakuli na pampu ikavuta hewa. Ndiyo maana taa yetu iliwaka kwenye kona na kuzimika kwenye njia iliyonyooka. Haikuwa nyaya. Ilikuwa ni indhari, nasi tuliipuuza.

Sababu ya gari kuukuu kuvuja haina uchawi. Baina ya sehemu mbili za chuma huwekwa gasketi, na pale chuma kinapozunguka kikitokeza nje huwekwa sili ya raba. Vitu hivi hupikwa na joto la injini mwaka baada ya mwaka mpaka vikakauka, vikawa vigumu na kupasuka. Nchini Kenya magari ya mtumba huruhusiwa kuingia yakiwa hayajazidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Basi gari lililokwisha kukaa hapa miaka kumi, raba zake huenda zinakaribia miaka 18. Ukiongeza joto na vumbi la Voi, ajabu ni zile ambazo hazijavuja.

Kulisoma doa

Si kila tone chini ya gari ni oili ya injini. Chukua kadibodi safi, uitandaze chini ya gari usiku na kuweka alama upande wa mbele uko wapi. Asubuhi isome kama ifuatavyo.

Maji maangavu yasiyo na harufu, ikiwa gari limetoka kutumia kiyoyozi, ni ya kiyoyozi na hayana neno. Maji ya kijani au waridi, yenye utelezi kidogo, ni ya redieta, nayo ni sumu kwa watoto na wanyama. Oili nyekundu au ya kahawia nyekundu aghalabu ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Mafuta mepesi yenye rangi ya manjano hafifu, yakionekana karibu na gurudumu au chini ya kanyagio, huenda yakawa ya breki. Hapo usiliendeshe gari hata hadi msikitini. Mwite fundi aje nyumbani. Ama oili ya injini, ikiwa mpya ina rangi ya asali, ikitumika huwa ya kahawia kisha nyeusi, na doa lake huwa zaidi upande wa injini.

Kisha kuna kijiti cha kupimia. Gari liwe mahali palipo sawa, injini iwe imepoa, na wakati bora ni asubuhi kabla ya kuwashwa. Chomoa, futa kwa kitambaa safi, rudisha hadi mwisho, chomoa tena. Oili iwe baina ya alama mbili. Ikiwa imefika ya chini, ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Wala usipitishe alama ya juu ukidhani unalifanyia gari ihsani, kwani oili iliyozidi hupigwa ikatoa povu na kudhuru pia. Kazi hii haihitaji nguvu wala ufundi. Mama anaweza, na kijana wa miaka kumi na miwili akifundishwa anaweza. Andikeni kwenye daftari tarehe na kiasi mlichoongeza. Baada ya mwezi mtajua kama gari linakunywa kidogo au linakausha kibaba.

Ikiwa oili inapungua na kadibodi ni safi, tazameni moshi. Moshi wa buluu unaotoka kwenye egzosi maana yake oili inaungua ndani ya injini, na hayo ni maradhi mengine yenye tiba nyingine.

Pahala oili inapotokea

Mwenye kulala chini ya gari huona tone linapoangukia, si linapotokea. Oili hushuka, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Kwa sababu hiyo fundi mwerevu huanza juu. Huku kwetu tuna msaidizi mmoja, nalo ni vumbi. Udongo mwekundu wa Taita hunata penye oili ukafanya tope zito, na palipo juu kabisa pa tope hilo, aghalabu ndipo penye mlango.

Pa kwanza pa kutazama ni kifuniko cha juu cha injini, ambacho mafundi hukiita tapeti-kava. Gasketi yake ikichoka, oili huteremka ubavuni, na ikidondokea bomba la moshi lenye moto hutoa harufu ya kuungua, na yaweza kuwasha moto. Harufu hiyo ikiingia ndani ya gari isichukuliwe kwa mzaha. Kuibadilisha gasketi hii ni kazi ya saa chache.

Pa pili ni filta ya oili. Wakati mwingine filta ya zamani hutolewa na raba yake ikabaki imenata kwenye injini. Filta mpya ikifungwa juu yake, raba huwa mbili na oili hutoka kwa wingi. Pa tatu ni nati ya kumwagia oili chini ya sampu. Ina washa ndogo inayostahili kubadilishwa oili inapomwagwa. Fundi mwenye pupa akiikaza kupita kiasi huharibu nyuzi zake, ikawa haikazi tena. Pa nne ni swichi ndogo ya taa ya oili, ambayo nayo huvuja ikizeeka.

Pagumu ni kwenye sili za krankshafti, ya mbele na ya nyuma. Ya mbele ikivuja yaweza kulowesha mkanda wa taimingi katika magari yenye mkanda wa raba, na oili huulegeza mkanda huo hadi ukakatika. Ya nyuma iko baina ya injini na giaboksi. Sili yenyewe si ghali, lakini kuifikia ni lazima giaboksi ishushwe, hivyo mnacholipia zaidi ni kazi. Ikiwa gari ni la klachi na mnafikiria kuibadilisha klachi hivi karibuni, yafanyeni yote mawili pamoja, ujira uwe mmoja.

Kabla ya hayo yote mwombeni fundi akague kipumulio cha injini. Ni valvu ndogo inayotoa hewa iliyobanwa ndani. Ikiziba, msukumo huongezeka na kuisukuma oili nje kupitia sili zilizo dhaifu. Watu wamebadilisha sili mara mbili, nayo ikaendelea kuvuja, ilhali tatizo lilikuwa valvu isiyozidi kidole gumba.

Mambo ya kujihadhari nayo

Dawa za chupa zinazosifiwa kuziba mivujo hulainisha raba iliyokauka na kuivimbisha kidogo. Zaweza kukusaidia muda mfupi, lakini raba iliyokatika haiungwi kwa dawa. Vilevile silikoni ikipakwa juu juu bila kufungua na kusafisha hubanduka, na ikizidi kwa ndani, vipande vyake vyaweza kuziba njia za oili. Ama ushauri wa kutia oili nzito zaidi, kwanza someni kitabu cha gari kinasema nini. Oili nzito hupunguza kasi ya tone, haizibi tundu.

Kosa kubwa zaidi ni kuendelea na safari taa nyekundu ya oili ikiwaka. Taa hiyo haikuambii utafute gereji ukifika. Inakuambia usimame sasa, uzime injini. Tunawakumbusha hasa wasafiri wa njia ya Taveta, ambayo baada ya Maktau hupita katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, pahala ambapo ndovu huvuka na si pa kukwama magharibi imeingia. Kwa njia ya Mombasa, ambayo ni kama kilomita 150, wengi husimama Mackinnon Road kwa swala katika msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali kando ya reli. Mkishaswali, na injini ikishatulia dakika kumi, fungueni boneti mpime. Ni jambo la dakika mbili. Na lita moja ya oili ya aina ya gari lenu isikose kwenye buti.

Oili ndani ya nyumba yetu

Tumeulizwa mara nyingi na akina mama ambao waume au wana wao ni mafundi: je, nguo iliyoingia oili yafaa kuswalia? Oili asili yake si najisi, hivyo doa lake pekee haliharibu swala, ijapokuwa kusimama mbele ya Mola kwa nguo safi ni adabu. Ama kwenye viungo vya udhu, mafuta yaliyobaki rangi au ulaini tu, na maji yakapita juu ya ngozi, hayadhuru. Lakini grisi au oili iliyogandamana ikafanya tabaka lenye kuzuia maji lazima iondolewe kwanza, pamoja na iliyo chini ya kucha. Mpakeni mikononi mafuta ya kupikia kidogo, asugue kwa sukari, kisha aoshe kwa sabuni. Asitumie petroli, kwani inachoma ngozi na huingia mwilini. Nguo isugueni kwa sabuni ya kuoshea vyombo ingali kavu, ndipo itiwe maji.

Jambo la pili ni watoto. Oili chakavu isiwekwe katika chupa ya soda au ya maji, hata kwa saa moja. Mtoto anaijua chupa, hakijui kilichomo. Wala mtungi uliobeba oili usirudi jikoni.

La tatu ni ardhi na maji. Tumezoea kuona oili chakavu ikimwagwa mtaroni, au kupakwa nguzo za ua ili kuwafukuza mchwa. Oili iliyotumika hubeba chembe za metali na sumu zilizozaliwa na joto la injini. Mto Voi huteremka kutoka vilima vya Taita, hupita karibu na nyumba na mashamba yetu, kisha huingia Tsavo Mashariki hadi Bwawa la Aruba. Kilichomwagwa mtaroni wakati wa kiangazi, mvua ya kwanza hukichukua. Huko chini kuna watu, mifugo na wanyama wanaokunywa. Ikusanyeni katika mtungi wenye kifuniko mwipeleke gereji au kituo cha mafuta kinachopokea oili chakavu. Na uani, mwagieni doa jivu au vumbi la mbao linyonye, likusanywe, ndipo pasuguliwe kwa sabuni. Hata tone barabarani lina mwenyewe wa kulilipa: bodaboda anayekata kona ya mlimani huku amepakia abiria.

Siku ya kuliuza

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliujenga ukuta, na baada ya miezi tukaamua gari liuzwe. Injini ilikuwa imetengenezwa, lakini sili ya nyuma bado ilitokwa na jasho, tone moja au mawili kwa usiku. Jirani mmoja mwema akatushauri, “Lipelekeni likaoshwe injini asubuhi ya siku anayokuja mnunuzi.” Tunakiri kwamba ushauri ule ulituingia. Fedha za karo zilikuwa hazijarudi.

Jioni ile tulimkuta mwenzetu ameitandaza kadibodi chini ya gari kama kawaida yake. Akauliza neno moja tu: “Maalim, kesho niitoe au niiache?”

Tukakumbuka kisa tunachowasomesha watoto madrasa kila mwaka: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umaji chini ya kilichokuwa kikavu juu. Mwenye nafaka alisema ni mvua. Akaelekezwa kwamba kilicholowa kingewekwa juu, watu wakione. Wanazuoni wetu wakabainisha kwamba kuficha aibu ya bidhaa ni ghishi, na kwamba mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kuirudisha. Sisi tulikuwa tumeuziwa lundo lililokauka juu. Je, na sisi tuliuze hivyo hivyo?

Tukamwambia aiache. Mnunuzi, mzee mmoja kutoka upande wa Taveta, alipofika tulimwonyesha kadibodi, daftari la oili na risiti za fundi, tukamweleza ni sili ipi na kazi yake ni ipi. Alinyamaza kitambo, akapunguza bei, na akaipunguza kweli kweli. Hilo hatulifichi, lilituuma. Lakini alijua analipia nini, akalipeleka gari moja kwa moja kwa fundi kabla ya kuipakia familia yake.

Basi, enyi ndugu zetu, yule anayefagia ua akisema ameona doa, asiambiwe amwage mchanga. Afunguliwe boneti.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi katika safari zetu, atufanye wenye kuchunga amana ndogo na kubwa, na atusamehe tuliyoyapuuza. Amin.

Wabillahi tawfiq.